Nani Amesimama Nyuma ya Adui Yako?

Somo lililotolewa na mwinjilisti wa Ushirika, siku ya pili ya mkutano wa maadhimisho ya miaka 20, Kampala

 

 Wahariri wameniomba niandike somo nililolitoa siku ya pili ya mkutano. Nimeliandika kama nilivyolisema, maana shule yangu ni cheti cha Chuo cha Biblia tu, na mambo ya kupamba lugha nawaachia wenyewe. Ila nakuomba usome taratibu, kwa sababu jambo lenyewe ni la damu.

Unajua lilikotoka? Tulipokuwa tunaandaa mkutano huu, kamati ilikaa kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba kwa ajili ya jambo moja. Halikuwa chakula, halikuwa kwaya, wala nani alale wapi. Ndugu mmoja kutoka upande wa Kongo alisimama akasema: "Wazee, sisi tumechoka kuzika. Hapa tuna ndugu watano wenye bastola za kibali, na watatu kati yao walikuwa jeshini. Wakae ndani ya mkutano, wamevaa suti kama sisi, bastola kiunoni. Mbaya akija, wammalize."

Watu wengi wakasema amina. Nami amina ilikuwa imefika mdomoni. Nikaimeza. Sababu ya kuimeza nitakuambia mbele kidogo.

Kwanza, tusimdharau yule ndugu. Alikuwa na haki ya kuuliza. Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Jumapili, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste kule Kasindi, hapo mpakani tu, mahali ambapo wengi wenu mmepita mkija kwetu. Zaidi ya watu 10 walikufa, watu waliokuja kuabudu kama wewe na mimi. Mwezi Juni mwaka uleule, tarehe 16, wauaji walivuka mpaka wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, usiku, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Na tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, hapa hapa Kampala, mtu alikamatwa akiwa na bomu, akielekea kanisa la Miracle Centre, Rubaga. Mwaka mmoja, mambo matatu! Halafu mtu akiuliza "tujilinde vipi?" umwambie hana imani? Hapana. Huyo anauliza swali la mchungaji.

Na Biblia haimkatazi mtu kujilinda. Soma Nehemia sura ya 4. Wale waliojenga ukuta wa Yerusalemu, mkono mmoja ulifanya kazi na mwingine ulishika silaha. Soma Luka 22: wanafunzi walikuwa na panga mbili, na Bwana alijua zipo. Kwa hiyo sikuja kukuambia kwamba ndugu mwenye bastola ya kibali ni mpagani. Sheria ya Uganda ya silaha, ya mwaka 1970, inaruhusu raia kumiliki bunduki kwa kibali cha polisi. Ukishambuliwa, sheria inakuruhusu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari.

Tena nikuambie ukweli wote, hata ule unaonipinga. Wakati mwingine mtu mwenye silaha ameokoa wengi. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoingia Westgate, Nairobi, wakaua watu 67, miongoni mwa waliokimbilia ndani mapema walikuwemo raia wenye bastola zao za kibali. Mmoja wao, Abdul Haji, alikwenda kwa sababu ndugu yake alikuwa amekwama mle ndani, na akaishia kusaidia kutoa akina mama na watoto ambao hakuwajua kabisa. Mungu ambariki. Na huko Marekani, mji wa White Settlement, Texas, tarehe 29 Desemba 2019, mtu alisimama katikati ya ibada akaua waumini wawili. Mzee mmoja wa ulinzi wa kanisa, Jack Wilson, akampiga risasi moja tu akaanguka. Kila kitu kilikwisha kwa sekunde sita hivi.

Haya, sasa mtu atasema: "Mwinjilisti, si umejibu mwenyewe? Tuweke bastola!"

Subiri, ndugu yangu. Nenda nami polepole.

Yule mzee wa Texas alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha. Alikuwa na uwanja wake wa mazoezi na alifundisha wengine. Sasa mwulize yule ndugu yetu mwenye bastola: mara ya mwisho umepiga risasi lini? Atakuambia: "Siku niliyopewa kibali." Na ukitazama picha za siku ile ya Texas, utaona waumini wengine kadhaa nao wamechomoa bastola, wanazunguka nazo kati ya viti vilivyojaa watu. Mungu alisaidia. Lakini fikiria kwetu, watu 1,500 chini ya turubai moja, spika zinanguruma, akina mama wana watoto mgongoni, mtu mmoja anapiga, watano wanachomoa, wote wamevaa suti. Polisi aliyeko getini akiingia mbio, atamjua vipi mlinzi na atamjua vipi muuaji? Hata Westgate kule, iliripotiwa kwamba wanajeshi walipofika waliwapiga polisi kwa kuwadhania maadui, na kamanda wa polisi akauawa. Hao walikuwa wanajeshi na polisi! Watu wa kazi!

Tuangalie na watu wa kazi wengine. Tarehe 24 Agosti 2012, mjini New York, karibu na lile jengo refu la Empire State, polisi wawili walikutana uso kwa uso na mtu aliyetoka kuua. Alikuwa karibu sana nao, hatua chache tu. Walipiga risasi 16, wakamwua. Lakini wapita njia 9 walijeruhiwa, na wote waliguswa na risasi za polisi au vipande vyake. Uchunguzi mmoja uliofanyiwa polisi wa mji huo, kwa miaka ya 1998 hadi 2006, ulionyesha kwamba wakipigana risasi na mtu, katika kila risasi 100 wanazopiga, ni kama 18 zinazompata wanayemlenga. Hao wamefundishwa na wanalipwa kwa kazi hiyo.

Sasa mimi na wewe tujiulize: zile 82 zinakwenda wapi?

Hilo ndilo somo langu la leo. Liandike hapo pembeni ya Biblia yako. Zile nyingine zinakwenda wapi?

Risasi ya bunduki hizi tunazoziona kwa maaskari barabarani hutoka mdomoni mwa bunduki kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde moja. Ukisema "Yesu!" imeshafika mwisho wa mtaa. Haisimamishwi na mabati. Haisimamishwi na mbao za kibanda, wala mlango wa teksi. Na wewe unaijua Kampala. Katwe, Bwaise, Kisenyi, kuna nafasi gani kati ya nyumba na nyumba? Ukimlenga mwizi hapo Kikuubo saa kumi na moja jioni, nyuma yake kuna mchukuzi, nyuma ya mchukuzi kuna mama anayeuza soksi, nyuma ya mama kuna mtoto.

Mji huu umekwisha kujifunza hilo kwa machozi. Sitaki siasa hapa, nataja tu yaliyotokea. Tarehe 18 na 19 Novemba 2020 kulikuwa na ghasia na risasi Kampala na miji mingine. Serikali yenyewe ilitaja watu 54 waliokufa, na Rais alikiri kwamba wamo waliopigwa na risasi zilizopotea. Watu waliotoka dukani. Watu waliokuwa wanarudi nyumbani. Majirani zetu nao wanayajua haya. Dar es Salaam, tarehe 16 Februari 2018, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alikuwa amekaa ndani ya daladala, Kinondoni. Risasi ilimfuata humo akafa. Nairobi, Machi 2020, mvulana wa miaka 13 alikuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao, Kiamaiko. Risasi ilimpata hapo juu, mbele ya nyumba ya mama yake. Hao wote hawakuwa adui wa mtu.

Tunasema "risasi iliyopotea". Mimi neno hilo siku hizi linanichoma. Risasi haikupotea. Ilikwenda palepale bunduki ilipoielekeza. Aliyepotea ni yule aliyepiga bila kutazama nyuma ya adui yake. Au aliyempigia kelele apige.

Na hapo ndipo nafika kwenye jambo langu mwenyewe. Familia yenyewe imeniruhusu kulisema, bila kutaja jina wala mtaa.

Ilikuwa miaka kumi na kitu iliyopita. Nilikuwa kijana katika huduma, nimetoka Chuo cha Biblia juzi tu, moto tupu. Tulikuwa tumemaliza mkutano wa injili wa wiki moja. Jioni ya mwisho, kama saa moja na nusu usiku, mimi na mweka hazina tulikuwa tunatembea kwenda nyumbani kwa mchungaji na mfuko wa sadaka. Tulikuwa karibu kufika. Boda boda ikaja nyuma yetu, vijana wawili juu yake. Yule wa nyuma akanyakua mfuko, nikaanguka kwenye mtaro.

Mbele yetu, kwenye duka moja kubwa la jumla, alikaa askari wa kampuni ya ulinzi na bunduki yake. Alikuwa ananijua, tulikuwa tunasalimiana kila siku. Akasimama. Akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza. Nami, mtumishi wa Mungu, niliyetoka kuhubiri msalaba saa moja tu iliyopita, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Piga! Mpige! Piga!"

Akapiga. Mara mbili.

Boda haikusimama. Ilikata kona ikapotea, na mfuko ukaenda nao. Palikuwa kimya kidogo hivi, halafu nikasikia mama analia kwa sauti ambayo mpaka leo nikiisikia popote najua ni sauti ya namna gani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha mabati cha mama mmoja muuza chapati. Nyuma ya mabati hayo binti yake, miaka 11, alikuwa amekaa chini anafanya kazi ya shule kwa mwanga wa kibatari. Risasi moja ilipasua bati, ikampata chini ya goti.

Hakufa. Mungu ni mwema, hakufa. Tulimbeba kwa gari la jirani mpaka hospitali. Baada ya siku nne madaktari wakaukata ule mguu.

Askari alikamatwa usiku uleule. Mimi niliyempigia kelele nilirudi nyumbani kulala. Hakuna aliyeniuliza kitu. Watu walinipa pole kwa kuibiwa! Kanisani Jumapili waliniombea mimi, mtumishi aliyevamiwa na wezi.

Siku ya tano nikaenda hospitali na matunda na Biblia. Mama yule alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya kitanda. Nilifungua Biblia nisome. Akaweka mkono juu ya ukurasa, polepole, bila hasira. Akaniuliza kwa Kiganda: "Paasita, ssente zaali mmeka?"

Pesa zilikuwa ngapi?

Zilikuwa shilingi milioni moja na laki nane na kidogo. Nilijua mpaka shilingi ya mwisho, maana nilizihesabu mwenyewe. Lakini mdomo wangu haukufunguka. Wewe ungemjibu nini? Ungetaja bei gani mbele ya kitanda kile? Nilifunga Biblia nikalia. Sikulia kwa kuibiwa.

Ndiyo maana kwenye kamati niliimeza ile amina.

Sasa turudi kwenye Neno. Nenda bustani ya Gethsemane. Usiku, mienge, kundi la watu, kelele. Luka anasema wanafunzi walimwuliza Bwana kama wapige kwa upanga. Swali zuri! Ila mmoja wao hakungoja jibu. Yohana 18:10 anatuambia ni Simoni Petro. Akachomoa, akapiga. Alimpata nani? Yuda? Hapana. Mkuu wa askari? Hapana. Alimpata Malko, mtumwa wa kuhani mkuu. Mtu aliyetumwa tu. Wakubwa walioipanga kazi ile hawakukatwa hata ukucha.

Bwana akaligusa sikio, likapona. Mpendwa, hilo sikio liliponywa kwa sababu Yesu alikuwa amesimama palepale, na kwa sababu ulikuwa upanga. Risasi ikishapita kwenye kichwa cha mtoto, mimi na wewe hatuna sikio la kurudisha.

Na kuna kitu wengi wanakiruka. Soma Yohana 18:26. Usiku uleule Petro anaota moto uani kwa kuhani mkuu. Anakuja nani kumwuliza? Ndugu yake Malko! Jamaa wa yule aliyekatwa. Anamwambia kama mtu anayemtambua, si nilikuona kule bustanini? Na Petro, yule shujaa wa upanga, anakana. Unaona? Upanga ule haukumwokoa Bwana. Ulimletea Petro shahidi. Ukijeruhi mtu asiye na hatia, ndugu zake watakutambua mpaka kwenye moto unaoota. Na ushuhuda wako utakufia mdomoni, kama Biblia yangu ilivyofungwa pale hospitali.

Wengine wataniambia: "Lakini Mwinjilisti, hukukusudia." Kweli sikukusudia. Basi soma Kumbukumbu la Torati 19:5. Mtu amekwenda msituni na jirani yake kukata miti. Anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinampata jirani, anakufa. Hakuna chuki, hakuna ugomvi. Mungu anamhurumia, anampa mji wa kukimbilia. Ila angalia: bado anakimbia! Anaacha nyumba, anaacha shamba. Mungu anaijua nia yake, na bado damu ya jirani ni damu. Halafu sura ya 22 mstari wa 8, Mungu anaagiza mwenye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka. Yaani Mungu wetu anakudai hata kwa mtu ambaye hajaanguka bado. Anataka ufikirie kabla.

Na ile Kutoka 22, mistari ya 2 na 3, ambayo ndugu wa bastola wanaipenda. Mwizi akivunja nyumba usiku na akapigwa akafa, mwenye nyumba hana hatia. Soma na mstari unaofuata! Jua likiwa limekucha, ana hatia. Kwa nini? Mchana unaona. Unaona ni nani, amekuja kwa nini, na unaweza kuita watu. Na mwizi huyo huyo, torati inataka alipe, haitaki afe kwa sababu ya mali. Mali hulipika. Mimi nilitaka mtu auawe barabarani kwa sababu ya mfuko ambao alikuwa tayari anaondoka nao.

Basi tufanye nini? Tukae kama kuku? Hapana. Sikiliza mambo niliyoyaomba kwenye kamati. Namshukuru Mungu, wazee waliyakubali kwa mkutano huu. Ila kila tawi litaamua lenyewe mwaka ujao, kwa hiyo usikunje ukurasa huu ukasahau.

La kwanza, lile bomu la Kasindi, na yale mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia Kyadondo na Kabalagala, zaidi ya 70 wakafa, bastola gani ingeyazuia? Bomu halipigwi risasi. Huzuiwa getini na kabla ya getini. Yule wa Rubaga alikamatwa kabla hajalipua, na hakuna muumini aliyeumia. Taarifa na macho ndivyo vilivyofanya kazi. Kwa hiyo tuweke watu wengi zaidi nje kuliko ndani. Mikoba yote ifunguliwe, hata ya mchungaji, hata yangu. Magari yakaguliwe chini. Wahudumu wa mlangoni wafundishwe kumwuliza mgeni jina lake kwa upole na kumkumbuka sura.

La pili, polisi waarifiwe mapema, na wao ndio wabebe silaha, wakiwa na sare, wakae nje. Ndugu wenye bastola za kibali, nawapenda, ziacheni nyumbani zimefungwa. Ukija nayo ibadani, ujue ukiichomoa unawajibika kwa kila mtu aliyesimama nyuma ya adui yako, na kila aliyesimama nyuma ya huyo.

La tatu, tukimwajiri askari wa kampuni kulinda jengo au vyombo, tumwambie kwa kinywa na kwa maandishi: hapa hapigwi mtu risasi kwa sababu ya spika, wala jenereta, wala sadaka. Apige filimbi. Vitu vikienda viende. Na huyo askari tumpe chai na tumsalimu kwa jina, maana usiku ule macho yake yalinitazama mimi yakitafuta uamuzi.

La nne, sadaka isibebwe tena kwenye mfuko barabarani. Itumwe kwa simu, au iende benki mchana. Kitu hicho kimoja kingeuokoa ule mguu.

La tano, tuwe na milango ya kutokea, zaidi ya miwili, isiyofungwa kwa kufuli wakati wa ibada. Watoto wafundishwe kulala chini wakisikia mlio, wasikimbilie dirishani kutazama. Na kila tawi liwe na watu wawili waliofundishwa kuzuia damu, kukandamiza kidonda kwa kitambaa safi na kutoachia mpaka msaada ufike. Nilipokuwa nimeshika mguu wa yule binti kwenye gari, sikujua la kufanya. Nilinena kwa lugha tu. Kunena ni kuzuri, lakini mikono yangu nayo ilikuwa na kazi.

Mtu mmoja aliniuliza baada ya somo: "Na kama adui ameingia tayari, ameanza kuua, na mimi ninayo silaha, nimfanyie nini?" Nilimjibu hivi, na wewe nakujibu hivyohivyo. Ikiwa hakuna njia nyingine, na unaona mbele yake na nyuma yake, na mkono wako umefundishwa, sitakuhukumu. Mungu ndiye atakayejua. Lakini nimekwambia "unaona". Kama huoni, usipige. Simama kati yake na watoto kwa mwili wako. Bwana wetu alifanya hivyo, na hakuna mpita njia aliyekufa kwa ajili yake.

Tena usidhani silaha ni hirizi. Tarehe 1 Juni 2021, Kisaasi, hapa mjini, watu wenye bunduki juu ya pikipiki walilimiminia risasi gari la Jenerali Katumba Wamala. Jenerali kamili, waziri, ana mlinzi mwenye bunduki ndani ya gari, na mlinzi yule alijibu kwa ujasiri. Jenerali aliponea chupuchupu. Lakini binti yake na dereva wake walikufa palepale. Kama bunduki ingetosha, nani angekuwa salama kuliko yeye?

Namalizia. Yule binti sasa ni mwanamke mzima. Anashona sare za shule, ana cherehani mbili, na mguu wa bandia ambao huubadilisha kila unapochakaa. Mwaka wa tatu baada ya tukio nilikwenda kwa mama yake nikapiga magoti nikasema maneno ambayo sikuyasema hospitali: "Mimi ndiye niliyesema piga." Mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema alijua. Alikuwa amenisikia kwa masikio yake kutoka kibandani. Miaka mitatu alijua, na kila nilipopita alinisalimu! Akanipa kiti, akanipa chai. Kama kuna mtu amenihubiria msamaha, ni yule mama, na hakutumia hata mstari mmoja.

Alikuwepo kwenye mkutano huu, kiti cha nyuma, na binti yake pembeni. Nilipokuwa nazungumza juu ya kuchomoa bastola katikati ya watu, niliwatazama wao. Nakuomba na wewe, siku utakayoshawishika kubeba bunduki, au kumwambia mwingine apige, tazama kwanza nyuma ya adui yako. Kuna kibanda. Kuna kibatari. Kuna mtoto ameshika penseli.

Inamisha kichwa hapo ulipo, tuombe.

Baba, tulinde sisi na makanisa yetu pande zote za mipaka hii. Walinde na wale wanaopita karibu nasi, wasiotujua. Utusamehe damu ya mtu tuliyoimwaga kwa midomo yetu. Utupe macho ya kuona kabla ya mikono kuinuka. Katika jina la Yesu.

Amina. Na hii, ndugu zangu, naitamka bila kuimeza.